Kweli na Uongo Kuhusu Mkaa wa Mabua

Ukisimama barabarani Makere mwezi wa Agosti, kwenye njia ya Kasulu kwenda Kibondo, jioni utauona moshi kabla hujaziona nyumba. Mahindi yameshavunwa, maharage yameshapigwa, nyasi zimekauka mpaka zinalia ukizikanyaga. Watu wanasafisha mashamba kwa kiberiti. Kukicha, shamba ni jeusi, majivu yamelala mafungu mafungu, na upepo wa mchana unaanza kuyahamisha kuelekea bondeni.

Siku hizi kuna habari nyingine inayotembea: kwamba mabua hayo hayo, yakichomwa kwa namna tofauti, yanatoa bayocha, mkaa wa kuchanganya na udongo. Njiani habari hiyo imebeba mizigo mingi. Wapo wanaoiita mbolea ya bure. Wapo wanaosema ni hela ya hewa ukaa inayosubiri kuchukuliwa. Wapo wanaoitupilia mbali kwamba mkaa ni mkaa tu. Nimechukua madai ninayoyasikia mara kwa mara nikayapima moja moja. Niseme mapema ninaposimama: faida ipo, na ni ya kweli, ila ni faida ya konzi, si ya lori. Atakayeitafuta kwa lori atachoka njiani na kuwaambia jirani zake kwamba wamedanganywa.

"Ni mkaa wa kawaida uliopewa jina jipya."

Karibu na kweli. Kinachotokea ndani ya moto ni kile kile anachokijua mchoma mkaa yeyote. Kitu kikavu kikipata joto kali huku hewa ikiwa kidogo, kwanza hutoka maji, kisha hutoka gesi ambazo ndizo tunaziona zikiwaka kama ndimi za moto, na mwisho hubaki kaboni, nyeusi na nyepesi. Joto lake ni nyuzi 350 hadi 700 hivi.

Tofauti ni mahali mkaa unapotoka na mahali unapokwenda. Mkaa wa jikoni unatoka mtini na unaishia jikoni. Bayocha inatakiwa itoke kwenye masalia ya mazao na iishie ardhini. Anayekata mti wa miombo, akauchoma, akaufukia shambani, ametupa mti na nguvu zake. Kwa Makere jambo hili lina uzito wa pekee. Kambi jirani ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na tangu mwaka 2015 Warundi wengi wakaongezeka. Kwa karibu miaka 30 wenyeji na wakimbizi wamekuwa wakipika kwa kuni za misitu ile ile, na kila mwaka mwanamke anatembea mbali zaidi kuzifuata. Kwa hiyo mtu akikufundisha bayocha akaanza kwa kukutuma ukakate miti, mshukuru kwa muda wake urudi nyumbani.

"Kuchoma shamba lote ni sawa tu, mkaa unabaki hata hivyo."

Uongo. Shambani hewa ni tele, kwa hiyo moto unakula mpaka mwisho. Kaboni inaondoka, nitrojeni na salfa zinaondoka nayo, na kinachobaki ni majivu. Sitayadharau majivu, maana yana potasiamu, chokaa na fosforasi kidogo, na kila mtu aliyewahi kutazama mahali panapomwagwa majivu nyuma ya jiko anajua maboga yanavyostawi pale. Lakini majivu yaliyotandazwa juu ya shamba lenye mteremko, wiki kadhaa kabla ya mvua, ni mali iliyowekwa barabarani. Upepo unachukua yake, na mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba inachukua iliyobaki na kuipeleka mtoni.

Mkaa hauyeyuki kwa mvua. Ukichanganywa na udongo unabaki mahali ulipowekwa, na vitundu vyake visivyoonekana kwa macho vinashika maji na virutubisho ambavyo vingezama chini kuliko mizizi inavyofika.

"Tusipochoma, wadudu watatumaliza."

Hapa kuna ukweli ambao wataalamu wakati mwingine wanauruka. Bungua wa mabua anapita kiangazi akiwa amejificha ndani ya bua kavu, na bua likiachwa limesimama mpaka msimu mpya, anatoka na kuanza upya. Mkulima anayechoma mabua kwa sababu hiyo hajakosea hesabu. Ila viwavijeshi vamizi, walioingia Tanzania mwaka 2017 na kututia hasara kubwa kwenye mahindi, wao hugeuka pupa ndani ya udongo, sentimita chache chini ya uso, na moto wa mabua unapita juu yao bila kuwagusa. Na bua linalogeuzwa mkaa shimoni linamuua bungua vilevile kama linaloungua shambani. Hoja ya wadudu, basi, haiipingi bayocha. Inaisaidia.

"Lazima uwe na tanuri la kiwandani."

Uongo, na nafurahi kuueleza kwa urefu, kwa sababu hapa jembe na mikono miwili vinatosha.

Chimba shimo lenye umbo la pia: juu mita moja na nusu kutoka ukingo hadi ukingo, likienda likijibana mpaka kina cha sentimita 80 hivi. Kuta ziwe za mteremko, zisisimame wima. Umbo hilo ndiyo siri yote. Mwaka 2014 watafiti wa Taasisi ya Ithaka ya Uswisi walilipa umaarufu kwa chombo cha chuma walichokiita Kon-Tiki, lakini udongo wetu mfinyanzi unafanya kazi ile ile bila gharama ya chuma.

Washa moto mdogo chini kabisa kwa vijiti vikavu. Ukishika vizuri, tandika mabua kwa tabaka jembamba. Subiri. Mabua yatawaka kwa nguvu, kisha ndimi zitapungua, kisha utaona utando mweupe wa majivu unaanza kutokea juu ya makaa, kama ukungu juu ya embe bichi. Hapo hapo ongeza tabaka lingine. Usingoje mpaka utando uwe mnene, kwa maana hiyo ni kaboni inayoondoka mbele ya macho yako, wala usiharakishe kurundika, kwa maana moto utasongwa na moshi utajaa. Kila tabaka linalowaka juu linakula hewa yote inayoshuka, kwa hiyo makaa ya chini yanakaa kwenye joto bila hewa, yanaiva bila kuungua. Moto wa juu ndio mfuniko.

Endelea hivyo hadi shimo likaribie kujaa. Kwa mabua makavu ni kazi ya saa mbili tatu hivi, na huruhusiwi kuondoka hata kidogo: kwanza kwa sababu ya utando, pili kwa sababu ya Agosti yenyewe. Nyasi kavu zikiwa karibu, cheche moja inatosha kuunguza shamba la jirani. Fyeka na ulime uwanda mtupu kuzunguka shimo, chagua asubuhi upepo ukiwa umelala, na uwe na matawi mabichi karibu.

Kuzima ndipo wengi wanapoharibu kazi. Makaa ya shimo zima yanataka maji mengi, ndoo baada ya ndoo, na kiangazi maji ya Makere hayaji yenyewe. Kuna mtu anayeyabeba kichwani. Kama kisima kiko mbali, usimtume mama wa watu. Fukia shimo kwa udongo mbichi, shindilia, ziba kila upenyo unaotoa mvuke, uache mpaka kesho au kesho kutwa. Ukifukua mapema moto unaamka, na asubuhi unakuta majivu. Na shimo likishamaliza kazi, lifukie au lizungushie miiba, watoto na mbuzi wasije wakatumbukia.

Utajuaje kama umeiva? Chukua kipande. Mkaa wa mabua ulioiva ni mwepesi, mweusi tii, unavunjika kwa mlio mkavu. Usugue kiganjani kisha unawe: ukitoka kwa maji matupu, bila sabuni, umeiva. Ukinata, ukiacha mafuta na harufu ya lami, bado ni nusu bua, na urudishe motoni siku nyingine.

"Moshi mwingi ni dalili kwamba mkaa unaiva."

Uongo, ingawa umetoka kwenye uzoefu wa kweli wa tanuri za mkaa wa miti, ambazo hufuka siku nyingi. Moshi ni gesi ambazo hazikuungua, zikiwemo zile zinazolipasha joto anga kuliko hewa ukaa yenyewe. Shimo la pia likiendeshwa vizuri linawaka kwa ndimi safi na moshi kidogo sana. Moshi ukizidi, ama mabua yana unyevu, ama umerundika mno.

"Bayocha ni mbolea."

Uongo, na huu ndio unaoumiza watu.

Fikiria mkulima aliyeambiwa hivyo. Anachoma, anaponda, anamwaga mkaa mkavu shambani, anapanda mahindi, na mwezi mmoja baadaye mahindi yake ni ya njano kuliko ya jirani ambaye hakufanya chochote. Hajalogwa. Mkaa mpya una njaa. Vile vitundu vilivyo tupu vinavuta nitrojeni iliyopo kwenye udongo na kuishikilia, na mmea mchanga unakosa. Mkulima huyo hatarudia, na jirani zake hawatajaribu, na watakuwa na haki.

Hesabu yenyewe iko wazi. Tani moja ya mabua ya mahindi ina nitrojeni kilo 6 hadi 8. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23. Kwa hiyo hata kabla ya moto, tani nzima ya mabua ina theluthi ya mfuko tu, na sehemu kubwa ya hiyo inapotea ikiungua, huku inayobaki ikiwa imefungwa ndani ya mkaa mahali mizizi haiifikii kwa urahisi. Potasiamu, kalisi na fosforasi hubaki kwa kiasi kizuri, na hilo si dogo. Lakini anayeacha kununua mbolea ya ruzuku kwa sababu ameanza kuchoma mabua anajipunja.

Bayocha ni ghala, na ghala lazima lijazwe kabla ya kufunguliwa. Ponda mkaa ukiwa na unyevu ili vumbi lisikuingie mapafuni; ndani ya gunia, kwa miguu au kwa kipande cha gogo, inatosha. Changanya na mboji au samadi, debe kwa debe. Mwagia mkojo wa ng'ombe kama upo. Funika kwa majani ya migomba, acha wiki mbili au zaidi. Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya mwenye mbuzi: mwaga mkaa uliopondwa chini ya banda. Mbuzi wanaukojolea na kuukanyaga, harufu inapungua, na samadi unayoitoa mwezi unaofuata imeshakuwa mchanganyiko kamili bila kazi ya ziada. Nitrojeni ambayo ingepotea hewani kwa harufu ile kali ya banda, imeingia ghalani.

"Inatibu udongo mchachu."

Kweli, kwa nchi kama hii. Kwenye miinuko ya Kasulu na Kibondo mvua inapita milimita 1,000 kwa mwaka, na mvua ya miaka mingi inaosha kalisi na magnesiamu kutoka kwenye udongo mwekundu na kuacha uchachu. Kipimo cha uchachu, pH, kikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyomo kwenye udongo inaanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, na fosforasi unayoiweka kwa mbolea ya DAP inakamatwa na chuma na aluminiamu kabla mmea haujaipata. Maharage ndiyo huumia kwanza. Mkulima anaona majani yanadumaa na anadhani ni mbegu.

Majivu yaliyomo ndani ya bayocha yanapunguza uchachu huo, na mkaa wa mabua una majivu mengi kuliko mkaa wa miti. Si chokaa, usiufananishe nayo kilo kwa kilo, lakini unasogeza mambo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya majaribio ya nchi nyingi, ulikuta kwamba kwenye ukanda wa tropiki bayocha iliongeza mavuno kwa wastani wa asilimia 25, na kwenye nchi za baridi, ambako mashamba tayari yana chokaa na mbolea, haikuongeza kitu. Hilo ni jambo la nadra katika kilimo: teknolojia inayomfaa zaidi mwenye udongo mbaya.

Magharibi mwa Kenya, kwenye nyanda za juu, watafiti walijaribu mkaa wa mikaratusi kwenye mashamba ya umri tofauti. Mashamba yaliyotoka msituni karibuni hayakubadilika sana. Yaliyolimwa kwa miaka mingi mpaka yakachoka yalipanda kwa kiasi kikubwa. Zambia nako, waliweka tani 4 kwa hekta ndani ya mashimo ya kupandia tu. Kwenye udongo wa kichanga wenye uchachu wa Kaoma mahindi yalipanda sana, kwingine kidogo. Kwa hiyo kabla hujachimba shimo la moto, jua shamba lako. Mwombe bwana shamba au bibi shamba akupimie pH. Shamba ambalo maharage yanakataa ndilo linalostahili mkaa wako wa kwanza. Lile la bondeni lenye udongo mweusi liache lilivyo.

"Kila kinachobaki shambani kigeuzwe mkaa."

Uongo, na hapa nina neno.

Masalia hayako bure kama yanavyoonekana kwenye karatasi za semina. Mabua yaliyolazwa juu ya shamba la mteremko yanazuia udongo usikimbie na mvua. Mashina na maganda ya maharage yana nitrojeni nzuri. Kuyachoma ni hasara tupu, wape mbuzi au yaache yaoze. Baada ya mavuno mifugo inaingia mashambani, na anayechoma kila kitu amewanyima jirani malisho. Miti ya mihogo ni mbegu ya mwaka kesho. Isipokuwa ile iliyoshikwa na batobato au michirizi ya kahawia: hiyo haifai kupandwa wala kugawiwa, na shimo la mkaa ndilo mahali pake hasa.

Magunzi ni mfano unaonigusa. Kwa mtaalamu, magunzi ni malighafi bora: makavu, yamekusanyika nyumbani mahali pamoja baada ya kupukuchua, yanatoa mkaa mgumu mzuri. Nimewahi kumweleza hayo bibi mmoja, kwa furaha nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwanangu, hayo magunzi ukiyafukia ardhini, mimi nitapikia nini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo nadhani hakuna jibu zaidi ya kumwachia magunzi yake. Gunzi lililopo jikoni ni safari moja ya kuni isiyokwenda porini. Pale ambapo kuni ndiyo chanzo cha ugomvi kati ya mwenyeji na mkimbizi, kila safari isiyokwenda ina thamani kuliko konzi ya mkaa ardhini.

Mimi ningeanza na vitu ambavyo tayari vingeunguzwa bure: mabua ya shamba ambalo lingechomwa tu Agosti, mahali pa tambarare, baada ya mifugo kupita. Na maganda ya kahawa na pumba za mpunga zinazorundikwa nje ya mashine za kukoboa, ingawa hizo ni laini mno kwa shimo la wazi, zinasongana na kufuka. Zinataka chombo chenye bomba la kupitisha hewa katikati. Kule Mwea, Kenya, kampuni ya Safi Organics imejenga kazi nzima juu ya pumba za mpunga kwa kuzigeuza mkaa na kuuchanganya katika mbolea.

"Huo mkaa unaweza kupikia."

Kweli. Vumbi la mkaa wa mabua likikandwa kwa uji wa muhogo au udongo wa mfinyanzi, likafinyangwa na kukaushwa, linakuwa mkaa mbadala unaowaka polepole bila moshi mwingi. Serikali nayo, katika Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ila tusichanganye mambo: mkaa ulioingia jikoni haukuingia shambani. Kaya inayoteseka kwa kuni ichague jiko bila kuona haya, kisha majivu yake iyapeleke kwenye migomba.

"Tutalipwa hela ya kaboni."

Sehemu ndogo ni kweli. Soko la namna hiyo lipo duniani. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Jirani zetu wa Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, wamepata fedha za vijiji kupitia mradi wa milima ya Ntakata, na habari hiyo imevuka mpaka wa mkoa kwa kasi. Lakini wao wanalipwa kwa msitu uliosimama, maelfu ya hekta.

Tuchukue ekari moja ya mahindi iliyotoa magunia 10. Mabua yake yana uzito unaokaribia uzito wa nafaka, tuseme tani moja. Shimo likiendeshwa vizuri linarudisha kama moja ya tano, yaani kilo 200 za mkaa. Nusu yake hivi ni kaboni, kilo 100, ambayo ni sawa na kilo 367 za hewa ukaa. Hata tani moja ya hewa ukaa ikiuzwa dola 100, ekari nzima ni dola 36 na ushei, kabla hajalipwa anayepima, anayekagua, anayesafirisha na anayeuza. Akija mtu na karatasi ya kutia saini, akitaja mamilioni, mwombe akufanyie hesabu hiyo mbele yako, ukiwa umekaa na mwenyekiti wa kitongoji.

"Mwaka mmoja tu umekwisha."

Uongo mtamu kuliko yote, kwa sababu ukweli ni mzuri zaidi. Karibu na Bukoba, mahali panapoitwa Katuruka, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua tanuri za wahunzi wa Buhaya waliofua chuma kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Umri huo ulijulikanaje? Kwa mkaa. Vipande vya mkaa vilivyobaki ndani ya tanuri vilikuwa bado mkaa, kwenye nchi ya mvua nyingi na udongo mchachu kama wetu, baada ya kila kilichokuwa mti, jani na mfupa kuoza. Amazon nchini Brazili wapo wakulima wanaolima mpaka leo kwenye udongo mweusi ulioachwa na watu wa kale waliochanganya mkaa, mifupa na taka za nyumbani, na jirani yao hatua 100 mbele analima udongo mwekundu uliochoka.

Sehemu ndogo ya mkaa wa mabua huoza miaka ya mwanzo. Inayobaki itamkuta mjukuu wako akilima.

"Mkaa wa ekari moja unatosha ekari moja."

Uongo. Rudi kwenye zile kilo 200. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, ekari ina mashimo karibu 9,000. Gawanya: gramu 22 kila shimo, ambazo ni kidogo mno. Ukizitawanya hivyo hutaona kitu, wala udongo hautaona. Lakini peleka zote kwenye robo ekari, kila shimo linapata gramu 90. Changanya na samadi debe kwa debe, weka ndani ya shimo la kupandia tu, funika udongo kidogo ndipo uweke mbegu. Sasa ni kipimo ambacho mzizi unakutana nacho.

Na kwa kuwa mkaa hauondoki, mwakani hurudi pale. Unasogea robo inayofuata, na mwaka wa tatu nyingine, na mwaka wa nne unaifunga ekari. Ningeanza na robo iliyo jirani na nyumba, ile inayopakana na migomba, kwa sababu samadi ni nzito na mgongo ni mmoja. Mabua yakatwe na kukusanywa Julai, yachomwe kabla ya katikati ya Septemba, mchanganyiko ulale chini ya majani ya migomba au chini ya mbuzi mpaka mawingu yaanze kujikusanya. Pembeni acha mistari miwili bila mkaa, mbegu ile ile, mbolea ile ile, siku ile ile ya kupanda. Ukivuna, pima mistari ile kwa debe moja.